Mawe ya Ngazi

Mji ulikoma kwenye tangi la maji. Nyuma ya tangi jangwa lilianza bila kubisha hodi, na hapo ndipo waendesha baiskeli walipokutana kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu za kutukana watu. Njia zilikuwa tatu, kila moja na rangi yake iliyopakwa kwenye mawe ya pembeni. Ya kijani ilikuwa ya watoto na wageni. Nyekundu, kama alivyopenda kusema kinyozi, ilikuwa ya watu wasio na wategemezi. Ya bluu ilikuwa ya kati: haikumtisha aliyezoea, wala haikumchekea asiyezoea. Ilipita kwenye mchanga unaomeza tairi, ikapanda mgongo wa mlima mkavu, na upande wa pili ikateremka juu ya mawe yaliyopangana kama ngazi iliyojengwa na mlevi. Pakaitwa Ngazi. Ukiteremka Ngazi bila kuweka mguu chini, ulihesabiwa kuwa mwendeshaji. Ukiweka mguu, ulinunua chai ya wote.

Mke wa Spoki hakuwa amenunua chai tangu binti yao alipokuwa ananyonya, na sasa binti huyo alikuwa na mume na mtoto wake katika mji mwingine.

Spoki alikuwa fundi wa baiskeli. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa chuma, fremu zikining'inia darini, harufu ya gundi ya viraka, na beseni la kutafutia pancha ambalo maji yake yalikuwa meusi kuliko mafuta. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kilichokuwa moyoni mwake alikitoa kwa spana. Wapo wanaume wanaoweza kumwambia mke nakupenda. Yeye alimpaka cheni mafuta.

Mke alifundisha hesabu katika shule ya sekondari, na mji mzima ulimwita Mwalimu. Hata Spoki alimwita Mwalimu, hata chumbani, na hasa walipogombana. Naye alimwita Fundi. Kila aliyepita mikononi mwake alijua kwamba jambo moja hakulivumilia kabisa, nalo ni mtu kuibia mtihani. Akikukuta unachungulia karatasi ya jirani hakukuchapa, wala hakupiga kelele. Aliichukua karatasi yako, akaandika sifuri, akakurudishia uiangalie mpaka kengele ilie. Alama zisizo zako, alisema, ni wizi, na anayeibiwa ni wewe mwenyewe.

Ugonjwa uliingia kwa vidole. Mwanzo chaki ilimponyoka ubaoni, akaiokota, ikamponyoka tena. Spoki alimwambia chaki za siku hizi ni unga mtupu. Kisha vishikizo vya gauni vikaanza kumpiga chenga asubuhi, hasa vile vidogo vya gauni lake la bluu, na Spoki akawa anasimama mbele yake kumfungia, huku akitania kwamba hatimaye amepata ajira ya kudumu. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuburura ncha ya kiatu. Ukiwa jikoni ungeusikia ukija ukumbini, krr, krr, kama mtu anayefuta kitu sakafuni.

Daktari aliitazama picha akasema mfupa wa shingo umeanza kuubana uti wa mgongo. Pole pole, lakini unabana. Upasuaji ulikuwepo, ila shingo ni shingo; wapo walioingia wakitembea na kutoka wamebebwa. Kwa hiyo wangesubiri na kuangalia. Ugonjwa ukisimama palepale, hakuna haja ya kisu. Ukisogea, apasuliwe haraka. Mwalimu alirudi nyumbani akamweleza mumewe hayo yote akiwa amesimama, hata mkoba hajautua. Spoki aliuliza daktari atajuaje kama umesogea. Mwalimu akasema atajua tu.

Spoki aliridhika. Alikuwa mtu wa mitambo, na aliamini hospitali wana mtambo wa kila kitu. Kazi ya daktari ni shingo, alijiambia, kazi yangu ni baiskeli. Usiku aliomba kisu kisije kikamgusa mkewe, na mchana alishika spana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini walikuwa wakimsema mgonjwa. Hawakusema lolote kuhusu mume wa mgonjwa.

Ilianza Jumamosi moja ambapo Mwalimu alichelewa kufinya breki pale Ngazi. Hakuanguka, wala mguu haukushuka, lakini tairi la mbele liliyumba na watu wote wakaona. Kinyozi alianza kutania, akanyamaza katikati. Mwalimu alirudi nyumbani hakula, hakusahihisha madaftari, alikaa kwenye kiti cha ukumbini akiiangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyeisahau pale. Spoki alikuwa ameishi naye miaka mingi na hakuwahi kumwona amepungua vile. Alivumilia siku ile. Jumatatu aliichukua baiskeli ya mkewe, kana kwamba anakwenda kuiosha.

Alichofanya hakikuwa kuosha. Aliisogeza mikono ya breki ikaribie vidole, akabadilisha waya wa breki akaweka mwepesi ambao ungefinywa na mtoto. Wiki zilizofuata aliendelea. Alitoa gia ya mbele akaweka yenye meno machache, ili mlima uwe rahisi, na kwa kuwa gia mpya ilikuwa inang'aa kama mwongo, aliipaka grisi chafu na vumbi mpaka ikafanana na ya zamani. Aliweka mpira mnene zaidi kwenye usukani. Aliteremsha kiti kidogo, wiki nyingine kidogo tena. Aliweka matairi mapana, akapunguza upepo. Yalikuwa mambo ya kitaalamu na yalifanywa vizuri. Hakuna aliyewahi kumtengenezea mtu baiskeli kwa uangalifu kama ule.

Mwalimu alisema baiskeli imerudia ujana. Spoki akajibu kwamba baiskeli haina habari, ni mwendeshaji aliyepona. Hapo ndipo alipodanganya kwa mdomo mara ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa akidanganya kwa spana, na uongo wa spana hauumi sana.

Spana zilipofika mwisho, alianza mawe.

Alhamisi alasiri, wateja wakiwa wamejificha jua, alifunga karakana, akafunga mtaimbo kwenye baiskeli yake na kwenda Ngazi peke yake. Jiwe la kwanza kulitoa lilikuwa lile lililochongoka katikati ya kushuka, ambalo kila mtu alilikwepa kwa kulalia kulia. Alilizungusha, akalibiringisha nyuma ya kichaka cha miiba. Wiki iliyofuata akatoa jingine, akajaza changarawe penye shimo. Mawe ya jangwani yana tabia moja: upande wa juu umeungua miaka na miaka mpaka ukawa mweusi, lakini tumbo lake limebaki jeupe kama unga. Ukiligeuza jiwe, linakusema. Kwa hiyo kila jiwe alililaza huko kichakani weusi ukiwa juu, akalimwagia mchanga pembeni kana kwamba lilizaliwa hapo.

Kinyozi alilalamika. Alisema Ngazi imekuwa zulia, siku hizi anashuka hata akipiga miayo, na kama kuna mtu anaijenga barabara basi ajitokeze apewe zabuni. Spoki alisema ni mvua. Watu walimtazama, kisha wakatazama mbingu, ambayo haikuwa imetoa hata tone tangu waanze kufahamiana, na wakacheka sana. Spoki naye alicheka. Mwalimu alikuwa mbali kidogo akifunga kofia yake ngumu kwa shida, hakusikia.

Binti alipopiga simu kuuliza hali ya mama, na kama si wakati wa kumrudisha hospitali kubwa wamtazame upya, Spoki alimwambia mama yako jana kateremka Ngazi bila kuweka mguu. Binti alianza kulia kwa furaha, akasema basi baba, basi, nilikuwa na wasiwasi bure. Hakutaja tena hospitali kubwa.

Tusimcheke Spoki. Kila Jumamosi mkewe aliteremka Ngazi, akafika chini na kugeuza uso, na uso ule ulikuwa wa yule msichana wa zamani aliyemletea tairi lenye pancha na kubishana naye bei. Nani angekuwa na moyo wa kuuzima? Siku sita kiatu kiliburura sakafuni. Siku ya saba alikuwa mzima.

Sasa fika nami Jumamosi ile.

Waliondoka tangini wawili tu. Kinyozi na wengine walichelewa. Kwenye mchanga Mwalimu alifanya kila kitu kama kinavyotakiwa: alikaa kitini, akauacha usukani ucheze bila kuulazimisha, akakanyaga kwa mwendo mmoja. Spoki alikuwa nyuma yake na aliona mguu wa kushoto ukiteleza kwenye kanyagio, ukarudi, ukateleza. Kwenye kupanda Mwalimu alitumia ile gia ya huruma. Juu ya mgongo wakasimama kupumzika, jangwa lote likiwa chini yao, rangi ya mkate ulioungua, na mji ukiwa kidoti upande wa pili na tangi lake.

Mwalimu alikunywa maji, chupa ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha, na furaha ikamfanya aseme jambo alilokuwa amelificha. Alisema Jumanne alikwenda kwa daktari. Daktari alimwandikisha sentensi, akautazama mwandiko wake, hakuupenda. Alimtembeza, hakupenda. Alitaka kumpangia tarehe ya kupasuliwa.

Spoki aliuliza picha zinasemaje.

"Picha ni zilezile," alisema Mwalimu. "Aliniambia tangu mwaka jana kwamba picha hazitoshi. Alisema: tafuta kitu kimoja unachokifanya, kitu kisichobadilika, ujipimie hicho. Siku kikikushinda, uje siku hiyohiyo, usingoje kesho. Kwa sababu kisu kinazuia tu, hakirudishi kilichokwenda."

"Ukachagua nini?"

"Ngazi." Alicheka kidogo. "Nilifikiria sana, Fundi. Wanafunzi watanionea huruma. Wewe ndiyo usiseme. Nikaona jiwe halimjui mtu. Sikukuambia kwa sababu mtihani hautangazwi, na ungenikodolea macho kila Jumamosi. Basi Jumanne nikamwambia daktari, mwandiko uache, mimi juzi nimeshuka Ngazi na mguu haukugusa chini. Akaweka kalamu. Akasema kama ni hivyo tusubiri."

Alifunga chupa, mara ya kwanza kizibo hakikushika, akajaribu tena. Kisha akapanda baiskeli.

Spoki alikuwa na mdomo. Ulimi ulikuwepo pia. Mkewe alikuwa mbele yake, hatua mbili tu, tairi la mbele limeelekea Ngazi, na neno moja lingemsimamisha. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Angalia breki."

Mwalimu akashuka. Alishuka vizuri, mwili umerudi nyuma, viwiko vimelegea, akapita penye jiwe lililochongoka ambapo hapakuwa na jiwe lililochongoka, naye kwa mazoea akalalia kulia kulikwepa. Hilo ndilo lililomvunja Spoki. Mwili wa mkewe ulikuwa bado unalikumbuka jiwe. Ni macho tu yaliyokuwa yameacha kuangalia, kwa kuwa hapo alipita miaka mingi na hakuona sababu ya kukagua. Alifika chini akageuza uso ule.

Spoki aliteremka kwa miguu akiikokota baiskeli. Mwalimu alimcheka, akamuuliza leo nani mgonjwa, na kwamba chai ni juu yake. Spoki alilaza baiskeli chini. Alianza na gia, kwa sababu ilikuwa rahisi kuisema. Alisema meno yake ni machache kuliko ya zamani, na ile grisi aliipaka yeye. Akasema waya wa breki. Akasema matairi, kiti, mpira wa usukani. Mwalimu bado alikuwa anatabasamu, kama mtu anayesikiliza mzaha akingoja mwisho wake. Kisha Spoki akaelekeza mkono kwenye kichaka cha miiba.

Mwalimu alikwenda mwenyewe, kiatu kikiburura kwenye changarawe. Aliinama, akasukuma jiwe lililokuwa karibu kwa mguu mzima mpaka likageuka, akaona lilikuwa limelalia majani mabichi ya kichaka, hayajafa hata. Akatazama mawe mengine. Kisha akageuka kuitazama Ngazi, safari hii kwa macho, kutoka juu mpaka chini, na midomo yake ikaanza kutembea bila sauti. Alikuwa anahesabu.

"Nimekwenda kwa daktari mara tatu," alisema. "Mara zote tatu nimempelekea majibu yako."

"Nilitaka ufurahi."

"Najua, Fundi. Ingekuwa umenifanyia kwa ubaya ningejua la kufanya."

Hakulia. Spoki ndiye aliyelia, akiwa amesimama, mikono imening'inia, na mkewe alimwacha alie mpaka akamaliza, kama alivyokuwa akiwaacha wanafunzi. Kisha akakaa juu ya mwamba na kumwambia ayarudishe mawe.

Mtaimbo haukuwepo siku hiyo. Aliyabiringisha kwa mikono na mabega, moja moja, jua likipanda. Alipolilaza jiwe tumbo juu, Mwalimu alisema geuza. Alipolisogeza kushoto kupita pahali pake, alisema rudisha, na alikumbuka kila pahali kuliko yeye aliyeyatoa. Wenzao walifika wakiwa na kelele zao juu ya mgongo, wakaona, kelele zikaisha. Kinyozi aliteremka akataka kusaidia kusukuma lile kubwa.

"Mwache," Mwalimu alimwambia. "Ayarudishe aliyeyatoa."

Kinyozi alikusanya wenzake wakarudi walikotoka, na hakuna aliyeuliza chai.

Ngazi iliporudi kuwa Ngazi, Mwalimu aliikokota baiskeli mpaka juu, akakataa kushikiwa. Ilimchukua muda mrefu. Spoki alitaka kumwambia gia bado ni ile nyepesi, breki bado ni zile laini, kwa hiyo hata huu si mtihani wa haki. Akaona mkewe alikuwa anajua. Alikuwa anaanza na msaada wote huo, na jiwe tu ndilo lililorudi.

Tairi la mbele liligusa jiwe la kwanza na mguu wa kushoto ukashuka chini wenyewe, bila kuulizwa. Hakuanguka. Alisimama hapo, mguu mmoja kwenye mchanga, akautazama. Akarudi nyuma, akajaribu tena, mguu ukashuka tena palepale. Mara ya tatu alikaa juu muda mrefu akivuta pumzi, akaja kwa kasi kidogo, na mguu ukashuka kabla tairi halijafika.

"Sifuri," alisema. Alisema kwa sauti ya darasani, ile ya kawaida.

Walirudi kwa kupita korongoni, kwa miguu. Mwalimu alikokota baiskeli yake mbele na Spoki yake nyuma, na kuna mahali penye mchanga mwingi ambapo alikwama, akasukuma, akakwama. Spoki alinyoosha mkono. Mwalimu alisema, bila kugeuka, usiguse. Basi akasimama na mkono wake mpaka mkewe alipojikwamua.

Jumatatu walikwenda hospitali pamoja, na kwa mara ya kwanza Spoki aliingia chumbani kwa daktari. Hakukuwa na mtambo wowote. Palikuwa na meza, kitanda chenye shuka la kijani, mchoro wa mifupa ukutani, na daktari mwenye macho yaliyochoka. Alimtembeza Mwalimu kwenye mstari wa sakafu, kisigino mbele ya vidole. Alimwambia finya kidole changu kwa nguvu zako zote. Alipomaliza kufinya, daktari akamwambia sasa anza, naye akasema nimekwisha kufinya. Daktari aliuliza hali hii imeanza lini.

Mwalimu alinyamaza. Spoki alielewa kwamba ule ukimya ulikuwa wa kumsitiri, na kwamba ndicho kitu cha mwisho cha aina ile ambacho angepewa. Akajibu mwenyewe. Alieleza gia, breki, mawe, vyote, kama mtu anayesoma orodha ya vipuri, akimalizia na zile mara tatu. Spoki alingoja kukemewa. Alikuwa amejiandaa, na kwa kweli alikuwa anatamani. Lakini mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na wala haukemewi. Daktari aligeukia karatasi zake akasema tu kwamba mwaka jana, hata mwanzoni mwa mwaka huu, angewapa matumaini mengine. Sasa watapasua ili kuokoa kilichobaki. Kilichokwenda kimekwenda. Na wakati mwingine, alisema, kisu huchelewa hata kuzuia.

Upasuaji ulikwenda vizuri, kama wasemavyo wao, maana yake hakufa mtu. Mwalimu alirudi nyumbani na kola ngumu shingoni na fimbo ya miguu minne. Shule ilimpa muda, kisha ikampa barua ya shukrani. Binti alikuja na mtoto mgongoni, akapika, akafua, akamwogesha mama yake. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni mwa karakana.

"Baba," alisema, "ulikuwa unaniambia..." Hakumalizia, akashika njia ya kituoni.

Wema hauozi, watu husema, na msemo huo Spoki aliusikia sana wakati ule, kutoka kwa majirani waliojua nusu ya habari na kumsifu anavyomtunza mkewe. Hakubishana nao. Aliitundika baiskeli ya Mwalimu darini kati ya fremu nyingine. Kabla ya kuitundika aliifanyia kazi wiki nzima: alirudisha gia kubwa ya zamani, waya mgumu wa breki, matairi membamba, kiti pahali pake pa kwanza. Hakuna aliyemtuma. Ilipokamilika aliipanda mwenyewe mpaka tangini na kurudi, ikampa shida kweli, akaitundika.

Siku ya kwanza ya marejeo baada ya kisu, daktari alikuwa amemwambia Mwalimu maneno yaleyale: tafuta kitu kimoja kisichobadilika, ujipimie hicho. Safari hii alimwambia mumewe amechagua nini, kwa kuwa hakukuwa na namna ya kumficha. Alichagua gauni la bluu. Lina vishikizo saba mbele, vidogo, vya kutoka shingoni hadi kiunoni.

Kila Jumamosi asubuhi, saa zile ambazo wenzao wanakutana nyuma ya tangi, Mwalimu hukaa ukingoni mwa kitanda akiwa amelivaa, mbele wazi. Spoki hukaa kwenye stuli karibu na mlango, mikono ameibana katikati ya magoti. Haruhusiwi kuinuka. Haruhusiwi kusema bado kidogo, wala jaribu tena, wala pole. Kishikizo huingia nusu tunduni, hutoka, huteleza, huangukia pembeni, na vidole vyake vya ufundi, vinavyoweza kunyoosha rimu gizani, huwa vinachezacheza vyenyewe kati ya magoti. Mwezi wa kwanza Mwalimu alifunga vinne. Baadaye akafunga vitatu, na vikabaki vitatu kwa muda kiasi kwamba Spoki akaanza kuota ndoto. Juzi aliishia cha pili, jua likawa limeshaingia chumbani mpaka miguuni pa kitanda, akasema basi. Ndipo Spoki aliporuhusiwa kuja kumfungia vilivyobaki, na hakuna aliyetaja ajira ya kudumu.

Lakini kabla ya kuanza, kila Jumamosi, kuna jambo Mwalimu analolifanya kwanza. Ncha za vidole vyake hazina tena hisia ya kutegemewa, kwa hiyo huinua upindo wa gauni kuelekea mwanga wa dirisha, akayatazama matundu ya vishikizo moja baada ya jingine, akitafuta uzi uliokatwa, aone kama kuna lililopanuliwa. Kisha humtazama mumewe kwenye stuli yake, ndipo anaanza.